Kutazama viota vya tai na kozi mubashara ukiwa Lamu au Malindi

Kiota kinachorushwa mubashara hakina mhariri wa kuondoa sehemu zinazochosha. Jike anaweza kuatamia muda wa saa tatu asitikisike ila kope, kisha dume akatua, wakapishana zamu kwa sekunde ishirini, na kimya kikarudi. Anayefungua kamera ovyo humaliza bando akitazama mgongo wa ndege aliyelala, halafu hutangaza barazani kwamba hakuna kitu. Anayejua msimu na saa ya kufungua huona zamu, mlo na yai likipasuka kwa megabaiti chache. Mwongozo huu ni wa huyo wa pili.

Kuchagua kiota

Usifungue kamera kumi. Shika kiota kimoja ukae nacho msimu mzima, kwa sababu matukio yake yanaeleweka kwa kufuatana: huwezi kujua kama kinda amechelewa kuruka ikiwa hukuona siku aliyoanguliwa. Na chaguo lifuate mwezi uliopo, si uzuri wa picha. Ndege wa upande wa kaskazini mwa dunia na wa kusini hawazai wakati mmoja, kwa hivyo mwaka hauna mwezi mtupu.

Ukizipanga kamera kwa pepo zetu, kaskazi inapoanza kuvuma, Novemba na Disemba, tai wenye kichwa cheupe wa kusini mwa Florida wanataga. Januari ni zamu ya Big Bear Valley, California, milimani, kwa wale tai maarufu Jackie na Shadow. Mwisho wa Februari wanafuata tai wa Decorah, Iowa. Machi ikiisha, kabla kusi haijashika, kozi wanaoishi kwenye minara ya makanisa ya Derby na Norwich, Uingereza, wana mayai, na huko Ithaca, New York, shakivale mwenye mkia mwekundu anaatamia juu ya nguzo ya taa katika Chuo Kikuu cha Cornell, ambako kamera iliwekwa mwaka 2012. Aprili, mvua za masika zikitunyeshea, furukombe (osprey) wa Wales na Scotland wamerudi kutoka Afrika Magharibi na wanataga. Kusi ikiwa kali wanalea tai weusi wa Afrika Kusini. Agosti ikiishia wanaanza kozi wa Melbourne, Australia, kwenye jengo refu la 367 Collins Street, na hao watakufikisha Novemba, tai wa Florida wanapoanza upya.

Kwa anayeanza, ushauri wetu ni kozi wa mjini. Kozi hajengi, hutaga juu ya changarawe kwenye kisanduku au ukingo wa jengo, kwa hivyo hakuna vijiti wala majani ya kuficha mayai. Msimu wake pia ni mfupi: tangu yai la kwanza hadi kinda kuruka ni kama wiki kumi na mbili. Tai wa Big Bear ni wazuri na picha yao ni safi, lakini kiota chao ni kirefu cha kina, na siku za mwanzo utaona zaidi ukingo wa vijiti kuliko kinda. Tai weusi wa Afrika Kusini waache kwa mwaka wa pili, kwa sababu itakayoelezwa mbele.

Kugeuza saa

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na hapa ndipo saa ya Kiswahili inapotupa njia ya mkato. Kamera nyingi huandika saa ya huko kwenye kona ya picha. Usianze kuhesabu tofauti ya majira kwa vidole. Chukua ile namba ya kwenye kona, uiongeze au uipunguze kama ifuatavyo, upate saa yetu moja kwa moja:

- New York, Ithaca na kusini mwa Florida: ongeza 1 wakati wa majira yao ya joto, ongeza 2 wakati wa baridi.
- Iowa: ongeza 2 wakati wa joto, 3 wakati wa baridi.
- California: ongeza 4 wakati wa joto, 5 wakati wa baridi.
- Uingereza, majira ya joto: toa 4.
- Afrika Kusini, mwaka mzima: toa 5.
- Melbourne: toa 1 hadi Jumapili ya kwanza ya Oktoba, baada ya hapo toa 2.

Jibu likizidi 12, toa 12. Likishuka chini ya 1, ongeza 12. Kamera ya Ithaca ikionyesha 6:15 asubuhi mwezi Mei, ni saa saba na robo mchana Malindi. Ya Derby ikionyesha 3:00 alasiri, 3 ukitoa 4 unapata kasoro 1, ongeza 12, ni saa kumi na moja jioni. Kama ni mchana au usiku utajijua mwenyewe kwa kutazama dirishani.

Kitakachokuvuruga ni wenzetu kusogeza saa zao, jambo ambalo Kenya na Afrika Kusini hatufanyi. Marekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Uingereza husogeza Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Ikiwa mlo uliokuwa ukiuona saa ya kwenye kona ikisoma 7:00 umehamia ghafla 8:00 katikati ya Machi, ndege hawajabadili tabia. Kilichosogezwa ni mshale wa saa ya huko, na kwa saa yetu mlo unabaki pale pale.

Baada ya kujua kugeuza, lenga nyakati mbili: saa mbili au tatu za kwanza baada ya mapambazuko ya huko, na saa mbili za mwisho kabla ya jua lao kutua. Ndipo windo huletwa na zamu hubadilishwa zaidi. Kwa shakivale wa Ithaca mwezi Mei, dirisha la kwanza linaangukia kwetu tangu saa saba mchana hadi saa kumi. Jua la Big Bear mwezi Februari linachomoza Lamu ikikaribia magharibi, kwa hivyo mwenye duka anaweza kufunga, kuswali na kula, kisha akakaa nao hadi saa nne usiku wakati huko ni asubuhi nzima. Ramadhani ikiangukia Februari, wanaoamka kula daku saa kumi watawakuta tai hao kwenye saa kumi na moja ya jioni yao, wakirudi kiotani. Kozi wa Uingereza wanafaa wanaofanya kazi ya kukaa mezani, maana mchana wao unakaribiana na wetu. Melbourne ndiyo ngumu: alfajiri yao ya Septemba ni kama saa tano usiku kwetu, na jioni yao ni asubuhi yetu kati ya saa tatu na saa tano.

Bando na ubora wa picha

Hesabu ya kukumbuka ni hii: megabiti 1 kwa sekunde ni megabaiti 7.5 kwa dakika, au 450 kwa saa nzima. Picha ya 480 hukaribia kiwango hicho. Ya 720 huwa mara mbili hadi mbili na nusu ya hapo, yaani kama gigabaiti moja kwa saa. Ya 360 inakula kama nusu hadi theluthi mbili ya 480. Kiota kilichotulia hula kidogo kuliko kiota kinachopigwa na upepo, kwa sababu kila jani linalotikisika ni habari mpya ya kutuma.

Usiache programu ijichagulie ubora. Bonyeza alama ya gurudumu la meno, weka 360 kwa kungoja na 720 kwa tukio. Ukiona chaguo la 720 lenye 60 mbele yake, liache. Linatuma picha maradufu kila sekunde na ndege aliyelala hahitaji. Kwenye simu ya inchi sita tofauti ya 480 na 720 ni ndogo sana, na pesa zake ni nyingi.

Ikiwa kamera ina sauti, tumia masikio. Teremsha picha hadi 144, weka simu mezani, endelea na shughuli zako. Makinda hupiga kelele ya namna moja wakiona mzazi anakuja na chakula, na ndani ya siku tatu utaitambua kama unavyoitambua honi ya boti yako. Ikisikika, pandisha ubora. Kumbuka mubashara huchelewa, mara nyingi sekunde kumi hadi arubaini, kwa hivyo hakuna haja ya kukimbia.

Njia nyingine, na kwa mtu wa kazi ndiyo bora, ni kurudisha nyuma. Kamera nyingi za YouTube huruhusu kuvuta mstari hadi saa kumi na mbili zilizopita. Vuta polepole bila kuachia. Vijipicha vidogo vitapita juu ya mstari. Ukiona idadi ya ndege imebadilika kutoka mmoja hadi wawili, achia dakika moja kabla ya hapo. Kwa njia hii siku nzima ya kiota inasomeka kwa dakika kumi na tano. Kwenye kompyuta, ukisimamisha picha, alama za nukta na mkato kwenye kibodi zinasogeza picha moja moja, jambo la lazima ukitaka kuona kilichomo makuchani kabla hakijafunikwa.

Zima kucheza kwenyewe. Mubashara ukikatika usiku na wewe umelala, programu huendelea na video nyingine, na nyingine, hadi bando liishe. Hilo limewala wengi. Zima pia mlisho wa maoni ulio pembeni. Unakula data kidogo, lakini zaidi unakujaza uvumi.

Kujua kama ni mubashara kweli

Kuna chaneli zinazorudia video za zamani za viota na kuziandika kuwa za sasa hivi, ili wapate watazamaji. Kuzitambua si kazi. Tazama saa ya kwenye kona, igeuze kwa njia ya juu, ulinganishe na saa ya ukutani. Kama hakuna saa, tazama mwanga: saa tatu asubuhi Lamu mwezi Machi ni saa nne au tano usiku California, basi kiota cha Big Bear chenye jua kali wakati huo ni marudio. Usiku kamera za kweli hugeuka nyeusi na nyeupe, macho ya ndege yaking'aa, kwa sababu zinatumia mwanga wa infraredi ambao ndege hawauoni.

Ingia kupitia chaneli ya wenyewe, kwa mfano Cornell Lab of Ornithology, Friends of Big Bear Valley, Raptor Resource Project kwa Decorah, au Dyfi Osprey Project kwa furukombe wa Wales. Hifadhi chaneli, usihifadhi video. Mubashara ukikatika na kuanzishwa upya hupewa anwani mpya, na ile uliyoihifadhi itakuletea maneno kwamba video haipo. Watu hudhani kamera imekufa, kumbe inarusha mlango wa pili.

Unachokitazama

Kwanza jua nani ni nani. Kwa ndege mbuai jike ni mkubwa kuliko dume, na kwa kozi tofauti ni kama theluthi, kwa hivyo wakisimama pamoja huwezi kukosea. Wakiwa mmoja mmoja inakuwa kazi. Tafuta pete mguuni, doa kwenye mdomo, unyoya uliovunjika. Kwa wale waliozoea tai mla samaki wa Sabaki, tai wa Marekani ni jamaa yake wa karibu. Tofauti ya haraka ni kwamba wa kwetu ana weupe hadi kifuani, na wa Marekani weupe wake ni kichwa na mkia tu.

Mayai. Tai hutaga moja hadi matatu, likipishana siku tatu hivi, na huanza kuatamia tangu la kwanza. Kozi hutaga matatu au manne lakini huanza kuatamia kwa dhati linapotagwa la mwisho kasoro moja, ili makinda waanguliwe karibu pamoja. Basi ukiona mayai mawili ya kozi yameachwa wazi mchana mzima, usiandikie watu kwamba mama amekimbia. Kwa tai hilo ni dalili mbaya. Kwa kozi ni utaratibu.

Hesabu siku tangu kuatamia kulipoanza: kozi 29 hadi 32, shakivale wa Ithaca 28 hadi 35 na pengine zaidi kidogo, tai wa Marekani kama 35, furukombe kama 37, tai mweusi kama 45. Big Bear kuna baridi na kimo, na mayai yao huchukua siku chache zaidi ya 35. Andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ukutani, maana ndiyo siku ya kuweka bando kubwa.

Wakati wa kuatamia tazama miguu. Ndege anapotembea karibu na mayai hukunja makucha kama ngumi ili yasitoboe ganda. Kila baada ya muda atainuka, ayageuze mayai kwa mdomo, ajitikise ubavu kwa ubavu na kuketi tena. Kujitikisa huko ni kutafuta mahali ngozi ya tumbo iliyonyonyoka manyoya iguse ganda, kwani manyoya huzuia joto. Na kugeuza mayai kunazuia kijusi kisigande upande mmoja.

Dalili za kuanguliwa huanza siku moja au mbili kabla: jike anakosa utulivu, anainama na kutazama chini yake, na kwenye kamera yenye sauti utasikia kilio chembamba kutoka ndani ya yai. Tundu dogo linapotokea, hadi kinda atoke ni siku nzima au hata mbili. Wazazi hawamsaidii, na hupaswi kutarajia. Akishatoka anaweza asilishwe saa ishirini na nne za kwanza, kwa sababu kiini cha yai bado kiko tumboni mwake. Hapa ndipo watazamaji wapya wanapoanza kulia njaa kwa niaba ya kinda aliyeshiba.

Na mlo ndio sehemu tajiri kuliko zote. Mzazi hukata vipande vidogo na kumpa anayenyanyua shingo juu zaidi. Mkubwa hula kwanza, mdogo hupigwa mdomo kichwani na kuinama. Ukitaka kujua kama mdogo anapata, usihesabu mapigo, tazama koo. Ndege mbuai wana mfuko wa chakula chini ya koo, na kinda aliyekula huonekana kama amemeza limau. Mkubwa mfuko wake ukijaa huacha kuomba, na hapo mdogo hupata zamu. Mdogo anayelala na koo bapa milo mitatu mfululizo ndiye wa kuhofia. Tofauti hii inatokana na ile tabia ya tai kuatamia tangu yai la kwanza: aliyetangulia siku tatu ameshakuwa na nguvu.

Sasa kuhusu tai weusi wa Afrika Kusini, ambao kiota chao mashuhuri ni cha Roodekrans, kwenye genge la bustani ya Walter Sisulu nje ya Johannesburg. Hutaga mayai mawili, na karibu kila mara kinda wa kwanza humuua wa pili ndani ya siku chache, hata pakiwa na pimbi watatu kiotani hawajaguswa. Hawapigani kwa sababu ya njaa. Yai la pili ni akiba, iwapo la kwanza litaharibika. Wenye kamera hawaingilii. Ukitaka kutazama na watoto, usianze wiki hiyo; anza kinda akiwa na mwezi mmoja.

Vifo hutokea pia kwa hali ya hewa. Machi 2025 Jackie na Shadow walipata makinda watatu, mmoja akafa katika dhoruba ya theluji, na wawili, Sunny na Gizmo, waliruka Juni. Misimu miwili iliyotangulia mayai yao hayakuanguliwa kabisa, na wazazi waliendelea kuyaatamia muda mrefu baada ya tarehe kupita. Yai likizidi wiki mbili juu ya siku zake, punguza saa zako za kutazama.

Makinda wakifika wiki tatu hadi nne, kuna viota ambako watu watapanda na kuwashika. Wanavisha pete, wanapima uzito, wanawarudisha. Wazazi watazunguka wakipiga kelele na watatulia.

Halafu manyoya: vumbi jeupe la mwanzo, kisha la kijivu zito zaidi, kisha vijiti vyeusi vya mabawa vinavyochomoza kama majani ya mkeka ambao haujasukwa. Mazoezi ya mabawa yanaanza, mwanzo wameketi, kisha wanarukaruka. Kozi huruka akiwa na siku 38 hadi 45, shakivale 42 hadi 46, furukombe siku hamsini na kitu, tai wa Marekani wiki 10 hadi 12, tai mweusi kama miezi mitatu. Upepo wa asubuhi ukiwa mkali katika siku hizo, usitoke mbele ya skrini.

Daftari

Daftari la kawaida la kurasa 96 linatosha msimu mzima. Piga mistari ya safu sita: tarehe, saa ya huko, saa yetu, nani yupo, tukio, chakula. Tumia herufi: D dume, J jike, Y mayai, K1 na K2 makinda kwa mpangilio wa kuanguliwa. Tukio liwe neno moja ikiwezekana: zamu, mlo, geuza, ruka.

Kwa wasio na bando la kukaa, kuna njia ya kufungua kila nusu saa kwa dakika mbili, ukaandika hali ilivyo hata kama hakuna jipya. Kwa ubora wa 480 hiyo ni megabaiti 15 kila mara, au 30 kwa saa. Baada ya wiki mbili utaweza kusema dume anaatamia sehemu gani ya mchana, jambo ambalo aliyekaa siku moja kutwa hawezi. Ila andika na mara ulizokosa. Nafasi tupu haimaanishi kiota kilikuwa kitupu.

Yanayoharibika

Picha ikiganda na saa ya kwenye kona imesimama, tatizo liko huko kwao: umeme, barafu kwenye lenzi, au buibui. Saa ikienda lakini picha inakatikakatika, tatizo ni mtandao wako. Teremsha ubora hatua moja, na kwenye nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Lamu panda darini au sogea dirishani, maana kuta za matumbawe zinakata mawimbi vibaya.

Simu hupata moto ikirusha video kwa muda mrefu, hasa Machi. Vua kava, punguza mwanga wa skrini, usiiweke kwenye mto wala usiichaji wakati huo huo kama unaweza. Ikizidi joto hujipunguzia kasi na utadhani ni mtandao. Pawabanki iliyoandikwa 10,000 hutoa kama elfu sita na kitu tu baada ya hasara, yaani chaji moja na kidogo kwa simu ya 5,000. Na hewa ya chumvi hula tundu la chaji: lisafishe kwa mswaki mkavu, kamwe usitumie pini.

Kutazama kwa kikundi

Darasa au klabu ya mazingira inahitaji projekta, laptopu, kebo na spika ndogo. Ukuta wa chokaa unatosha, usinunue pazia. Kabla ya kuunganisha laptopu kwenye simu, zima masasisho ya Windows, la sivyo yatanywa bando lote wakati watoto wanangoja. Panga kikao kiangukie saa ya mlo wa huko, na uwe na kipande ulichokipata kwa kurudisha nyuma tayari kwenye dirisha lingine, kwa sababu ndege hawana ratiba ya shule. Wape watoto kazi: mmoja saa, mmoja kuhesabu vipande vya chakula, mmoja kutazama koo la mdogo.

Viota vya kwetu

Jicho likizoea kamera litaanza kuona ya nyumbani: mwewe wanaookota masalio ya samaki gatini Lamu, tai mla samaki kwenye mdomo wa Sabaki, furukombe wageni wanaovua Mida wakati wa kaskazi. Tazama kwa darubini kutoka chini. Usipande mti kuweka kamera yako wala usirushe droni. Droni zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kwa ndege ni adui anayekuja kiotani. Kamera za kule huwekwa kabla ya msimu, kiota kikiwa kitupu, na hazisogezwi tena. Ndege akisimama kutoka kwenye mayai, akakukazia macho au kupiga kelele, umekaribia mno. Rudi nyuma hadi aketi. Na picha ya kiota usiitume mtandaoni pamoja na mahali kilipo, kwa sababu wanaotafuta makinda wa kuuza nao wana simu.

Makinda wakisharuka, usifunge kamera siku hiyo hiyo. Kwa wiki kadhaa watarudi kiotani kudai chakula, hasa alfajiri, na mara nyingi utawasikia kabla ya kuwaona. Daftari likipitisha siku kumi bila jina lolote kwenye safu ya "nani yupo", fungua kalenda uone ni mwezi gani: ikiwa Julai, tai weusi bado wana kinda, ikiwa Agosti mwishoni, Melbourne yai la kwanza liko karibu, na hesabu yake ni kutoa 1.